Mikono yangu ilipona wakati wa arobaini, kisha ikapasuka tena

SWALI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama lishe hapa Tanga, nina umri wa miaka 35 na watoto watatu, na mdogo wao ana miezi minane. Kwa miaka sita nimekuwa nikiuza wali, maharage, samaki wa kukaanga na kachumbari karibu na stendi, na kibanda hicho ndicho kinacholipa ada na kodi ya nyumba tangu mume wangu alipopunguzwa kazini. Nakuandikia kwa sababu ya mikono yangu, ambayo sasa naona aibu hata kuinyoosha ninapomrudishia mteja chenji.

Tatizo lilianza yapata miaka miwili iliyopita, ngozi ikawa inakauka katikati ya vidole na chini ya pete yangu ya ndoa, nami nikadhani ni jua na joto la mkaa. Baadaye migongo ya mikono ikawa nyeusi kuliko sehemu nyingine za mwili, ikawa nene na yenye magamba, na pembeni mwa vidole vikaanza kutoka vipele vidogo vyenye maji ambavyo huwasha usiku hadi naamka kujikuna. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto, yaani gumba, cha shahada na cha kati, vimepasuka kwenye ncha kiasi kwamba nikishika chumvi au pilipili machozi hunitoka mbele ya wateja.

Nimehangaika sana. Katika duka la dawa waliniuzia tyubu ya dawa ya kupaka ambayo walisema inatibu kila ugonjwa wa ngozi, na kweli baada ya siku nne nilipata nafuu kubwa, lakini nilipoacha hali ilirudi ikiwa mbaya zaidi. Sasa nimefika tyubu ya tisa, na ngozi ya migongo ya mikono imeanza kuwa laini na nyembamba yenye mabaka meupe. Jirani alinishauri nijipake ndimu na kukaa juani, nikaungua. Nilinunua glavu za mpira sokoni, nazo zikaniongezea muwasho. Mwezi uliopita, katika harusi ya mdogo wangu, nilipakwa hina na piko ili kuficha mikono, na kesho yake ilivimba. Niliwahi kwenda katika zahanati moja, nikaandikiwa vidonge vya fangasi kwa muda usiozidi dakika mbili, na hakuna aliyeishika mikono yangu wala kuitazama karibu.

Kinachoniumiza zaidi ni watu. Mteja wangu wa siku nyingi aliisukuma sahani na kuondoka bila kusema neno, na wapo wanaonong'ona kwamba nina maradhi makubwa. Wifi yangu naye ananiambia nisimshikeshike mtoto hadi nijue ni ugonjwa gani, na usiku ninapomnyonyesha huwa nafunga mikono kwa kanga.

Jambo la mwisho ni kwamba nilipojifungua mama yangu alinichukua Pangani kwa ajili ya arobaini, na muda wote huo sikupika wala kufua, na mikono ilipona karibu yote bila dawa yoyote. Niliporudi kibandani, wiki ya tatu tu ikapasuka tena. Wifi anasema hiyo ni dalili ya wazi kwamba kuna mtu amefukia kitu pale ninapofanyia biashara, na ananisihi twende kwa mganga. Naomba unieleze kama ugonjwa huu unaambukiza, niende wapi, na nikifika nimwambie nini daktari ili asiniandikie dawa kabla ya kunisikiliza.

Mama lishe, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na mtoto, kwa kuwa naona hapo ndipo penye maumivu makubwa kuliko hata vidole vyenyewe. Kwa maelezo uliyotoa, ugonjwa ninaoufikiria kwanza ni ukurutu wa mikono, ambao watu wengi huuita pumu ya ngozi, na ukurutu hauambukizi. Mtoto hawezi kuupata kwa kushikwa, kuogeshwa wala kunyonyeshwa na mama mwenye nao. Anachoweza kupata kutoka kwako ni maumbile ya ngozi kavu, pumu au mafua ya mzio, na hayo hurithiwa hata kama mama hana alama yoyote mikononi. Fungua kanga hiyo. Tahadhari ninayokupa inahusu ile dawa unayoipaka, kwa sababu ngozi ya mtoto mchanga hunyonya dawa kwa wingi kuliko ya mtu mzima. Kwa hiyo usimshike wakati dawa bado inateleza mikononi, wala usimwache akunyonye vidole.

Wateja nao hawawezi kuambukizwa ukurutu kupitia sahani. Hata hivyo sitakuficha jambo moja linalowahusu watu wote wanaopika: ngozi iliyopasuka na kuchuruzika hupenda kukaliwa na bakteria aitwaye stafilokoka, ambaye akiingia katika chakula kilichokaa kwa saa nyingi bila kuwa cha moto huacha sumu inayosababisha kutapika, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikipashwa tena. Siku ambazo kidole kinatoa usaha au kina ganda la rangi ya manjano, usiguse kachumbari wala chakula kilichokwisha kuiva. Mwachie mtu mwingine apakue, wewe upokee fedha.

Sasa nirudi kwenye arobaini, uliyoiandika mwishoni kana kwamba ni nyongeza, ilhali kwangu ndiyo habari yenye uzito kuliko zote katika barua yako. Wifi yako ameona jambo la kweli. Ameona kwamba ulipokuwa mbali na kibanda ulipona, na uliporudi uliugua, na akahitimisha kwamba chanzo kiko kibandani. Nami nakubaliana naye hadi hapo kabisa. Tunachotofautiana ni mahali pa kutafuta, kwa maana mimi sitafuti chini ya ardhi, natafuta ndani ya beseni la kuoshea vyombo.

Ngozi ya juu imepangwa mithili ya paa la makuti, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka hizo kuna mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visipenye. Ngozi hiyo ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5, wakati sabuni ya mche na sabuni ya unga kwa kawaida hufika 9 au 10. Kila unapochovya mikono katika maji ya sabuni, sehemu ya mafuta hayo huondoka pamoja na povu. Anayenawa mara chache kwa siku hana hasara, kwa kuwa ngozi hujirekebisha yenyewe usiku. Lakini anayeosha mchele alfajiri, akaparua samaki, akakatakata nyanya na vitunguu, akasugua masufuria kwa waya, akaosha sahani za wateja tangu asubuhi hadi jioni, na akirudi nyumbani akafua nguo za mtoto, paa lake huvuja kabla halijamaliza kuezekwa. Wataalamu wa afya ya kazini huhesabu kwamba mtu yuko katika kazi ya majimaji ikiwa mikono yake hulowa kwa zaidi ya saa 2 kwa siku au huinawa zaidi ya mara 20. Wewe, nadhani, unapita vipimo vyote viwili kabla ya adhuhuri.

Ndiyo maana siku 40 za kutunzwa na mama yako zilikuponya, na ndiyo maana pia hazikutosha. Ngozi ya mikono huendelea kuwa dhaifu kwa miezi 4 au 5 baada ya kuonekana kwa macho kwamba imepona, hivyo ulirudi beseni ukiwa na ngozi nzuri ya kutazama lakini isiyo na nguvu za kutosha, na wiki tatu zikatosha kuivunja tena. Jambo hilo uliweke moyoni kwa ajili ya mbele, kwa sababu wagonjwa wengi huacha kujitunza siku ile ile wanapoona muwasho umekwisha.

Kuna kitu kingine kilichonisimamisha nilipokuwa nikisoma, nacho ni vile vidole vitatu vya kushoto. Ikiwa unashika kisu kwa mkono wa kulia, basi gumba, cha shahada na cha kati vya kushoto ndivyo vinavyoshikilia kitunguu saumu unapokimenya na kukikata. Kupasuka kwa ncha za vidole hivyo, kwa mkono usioshika kisu, ni alama inayojulikana ya mzio wa kitunguu saumu kwa wapishi, na kemikali inayousababisha, dialili disulfidi, hupenya glavu nyingi. Siwezi kukuthibitishia kwa barua kwamba unao mzio huo. Nakuomba tu umwonyeshe daktari vidole hivyo na kumweleza unavyokata vitunguu, na pia umwambie kama mikono huwasha ndani ya dakika chache baada ya kushika samaki au kamba, kwa sababu mzio wa aina hiyo ni tofauti na hupimwa kwa njia nyingine.

Kuhusu ile tyubu inayotibu kila ugonjwa, ichukue na usome maandishi madogo yaliyo ubavuni. Nina hakika kiasi kwamba utakuta jina la steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, mara nyingi klobetasoli, pamoja na dawa ya bakteria kama vile jentamaisini au neomaisini, na dawa ya fangasi kama vile klotrimazoli au mikonazoli. Mchanganyiko huo unapendwa madukani kwa sababu kila mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, na nafuu hiyo ndiyo mtego wake. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi za kupaka zilizo kali kuliko zote, na ndiyo ambayo baadhi ya watu huitumia vibaya kujichubua. Ikipakwa miezi kwa miezi bila uangalizi huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye kung'aa na yenye mabaka meupe, kama ulivyoeleza. Kama chini yake kuna fangasi, steroidi hutuliza muwasho huku fangasi akiendelea kuenea kwa sura ambayo hata daktari hupata shida kuitambua. Neomaisini nayo yenyewe huwapa baadhi ya watu mzio. Usinunue tyubu ya kumi. Nenda kwa tabibu wiki hii ukiwa na ile ya tisa mkononi.

Sitaki, hata hivyo, uondoke hapa ukiogopa steroidi, kwa maana hofu hiyo nayo imewaumiza wengi. Ngozi ya kiganja ni nene, na steroidi dhaifu kama haidrokotisoni ya asilimia 1 mara nyingi haiifikii, kwa hiyo daktari anaweza kabisa kukuandikia dawa kali, pengine hata hiyo hiyo klobetasoli au betamethasoni, ikiwa peke yake bila michanganyiko. Tofauti itakuwa katika kipimo na muda: kwa kawaida mara moja au mbili kwa siku kwa wiki chache, kisha kupunguza hatua kwa hatua, kisha kusimama au kubaki na siku mbili kwa wiki. Kipimo ni rahisi kukumbuka. Dawa iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza ni takriban nusu gramu, nayo inatosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Mikono miwili ni gramu 1, hivyo tyubu ya gramu 15 inayopakwa mara moja kwa siku inapaswa kudumu takriban siku 15. Ikikuishia kwa siku tano unapaka kupita kiasi, na ikidumu miezi miwili huenda hupaki inavyotakiwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba ya mafuta mazito badala ya krimu, kwa kuwa ngozi kavu iliyopasuka huishika vizuri zaidi.

Uliuliza uende wapi. Anza katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na umwombe tabibu barua ya rufaa iwapo hutapata nafuu ndani ya wiki nne au iwapo hana hakika ya ugonjwa. Barua hiyo itakupeleka katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwenu ni Bombo, na hapo ulizia kama kuna mtaalamu wa ngozi na siku zake za kliniki. Panapohitajika zaidi, hospitali ya rufaa ya kanda yenu ni KCMC, Moshi, ambapo tangu 1992 pamekuwa na kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Nakitaja kituo hicho kwa sababu nyingine pia: pamoja na madaktari bingwa, kimefundisha matabibu wa kawaida kutoka mikoa na nchi mbalimbali ili warudi kuhudumia watu huko huko waliko, na inawezekana mmoja wao yuko karibu nawe kuliko unavyodhani. Uliza kwa jina la kazi, yaani tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi.

Nasikitika kwa zile dakika mbili za zahanati. Haikuwa haki yako kutibiwa ngozi bila kutazamwa ngozi. Lakini naomba usiifanye siku hiyo kuwa kipimo cha matabibu wote, na njia ya kuzuia isijirudie ni kuingia ukiwa na maneno yako tayari. Wagonjwa wengi husema "mikono inawasha" na kunyamaza, na kwa maneno hayo peke yake hata tabibu makini anaweza kufikiria fangasi. Wewe keti, weka mikono yote miwili mezani, kisha useme: "Mimi ni mama lishe, mikono yangu inakaa majini kutwa, inaniuma kwa miaka miwili, nilipopumzika siku 40 ilipona, na niliporudi kazini ilirudi ndani ya wiki tatu." Sentensi hiyo itabadilisha mazungumzo yote. Mweleze pia kama utotoni uliwahi kuwa na pumu, mafua ya mzio au ukurutu kwenye mikunjo ya mikono na magoti, kama kuna mtu mwingine nyumbani anayewashwa, na kwamba unanyonyesha. Chukua tyubu ulizobakiza, karatasi ya vile vidonge, zile glavu na jina la sabuni unayotumia. Kwa kuwa ukurutu hupanda na kushuka, piga picha za mikono kwa simu siku inapokuwa mbaya, usije ukafika kliniki siku iliyotulia ukaonekana huna kitu.

Usishangae tabibu akikuomba uvue viatu. Fangasi wa mikono mara nyingi hushika mkono mmoja pamoja na nyayo zote mbili, hivyo miguu humpa habari. Akiwa na shaka atakwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa darubini, kipimo kisicho na maumivu ambacho majibu yake yanaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Atatafuta pia upele, ambao huwasha sana usiku na kwa kawaida huwashika watu kadhaa wa nyumba moja, na atatazama viwiko, magoti na kichwa kwa ajili ya soriasi, ugonjwa mwingine wa ngozi wenye magamba usioambukiza. Anaweza kuuliza kuhusu kaswende, ambayo hatua yake ya pili hutoa mabaka viganjani yasiyowasha kwa kawaida, au kukushauri upime VVU. Hayo ni maswali ya kawaida ya kliniki na hayana maana kwamba minong'ono ya wateja wako ina ukweli. Yajibu bila kinyongo.

Iwapo atashuku mzio, kipimo chake ni kubandikwa mgongoni vipande vidogo vyenye vitu vinavyoshukiwa, vikae siku mbili bila kulowa, kisha ngozi isomwe siku hiyo na kusomwa tena siku mbili baadaye. Si kila hospitali ina kipimo hicho, na huenda ukalazimika kusafiri, lakini kwa mtu anayepika kwa riziki yake naona kinastahili nauli. Kitapima mpira wa glavu, harufu za sabuni na, muhimu sana kwako, piko. Hina ya asili ni nadra kuleta mzio. Piko ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, na mtu aliyekwisha kupata mzio wake kwa kawaida hubaki nao maisha yake yote. Kwa kuwa mikono ilivimba kesho yake, usipakwe piko tena wala kupaka rangi nyeusi ya nywele hadi upimwe, hata harusi ikiwa ya nani. Ndimu nayo iache kabisa, kwa kuwa maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha weusi wa wiki nyingi.

Dawa ya daktari itazima moto, lakini beseni likibaki kama lilivyo moto utawaka tena. Najua huwezi kufunga kibanda, na sitakushauri jambo ambalo litawanyima watoto chakula. Jitahidi kazi ya kuosha vyombo imhamie msaidizi, hata kama ni kwa kubadilishana naye upakuaji, ila naye umkinge, maana ngozi yake haina kinga zaidi ya yako. Inapokulazimu kuosha, tumia brashi yenye mpini mrefu na maji ya uvuguvugu, kwa kuwa maji ya moto hutuliza muwasho kwa dakika chache na kuuongeza kwa saa nyingi. Glavu zako zilikuletea muwasho ama kwa mzio wa mpira, ama kwa sababu ulizivaa mikono ikiwa na majimaji na sabuni ikabaki ndani. Jaribu za plastiki zisizo za mpira, ndani yake vaa nyingine nyembamba za pamba, uzivae mikono ikiwa mikavu, uzivue baada ya dakika 20 hivi, na zenye tundu uzitupe. Kitunguu saumu amenye mwingine. Pete ivue uingiapo jikoni, kwa sababu sabuni hujificha chini yake na hapo ndipo tatizo lako lilipoanzia.

Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yawe jirani yako wa kudumu. Paka baada ya kila kunawa, mikono ikiwa bado na unyevu kidogo, na usiku paka kwa wingi kisha vaa glavu za pamba au soksi safi. Ni dawa ya bei ndogo kuliko zote nilizotaja, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Losheni zenye manukato ziweke kando.

Niongeze neno kwa wasomaji walioajiriwa hotelini, viwandani, hospitalini au kwenye ujenzi, ambako saruji nayo huleta ukurutu mgumu kwa sababu ya kemikali ya kromati iliyomo. Kwa Tanzania Bara, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na ugonjwa uliosababishwa na kazi unaweza kupelekwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwombeni daktari aandike kwenye cheti chenu kazi mnayoifanya, maana cheti kisichotaja kazi hakiwasaidii.

Ikiwa miezi itapita na mikono isipone licha ya dawa na kinga, bado zipo njia nyingine, kama vile tiba ya mwanga maalumu na vidonge vya kutuliza kinga ya mwili. Baadhi ya vidonge hivyo, kama methotreksati, haviruhusiwi kwa mama anayenyonyesha, kwa hiyo litaje jambo hilo kila unapokutana na daktari mpya. Na zipo hali zisizosubiri siku ya kliniki: homa, usaha, mkono kuvimba ghafla, mstari unaouma unaopanda kuelekea kwapani, au malengelenge mengi yenye maumivu makali yanayotokea kwa pamoja. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya kwenda usijipake kitu chochote asubuhi, ili ngozi ionekane ilivyo. Na wifi yako, kama atakubali, mwombe akusindikize akushikie mtoto wakati mikono yako inatazamwa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ugonjwa uko kibandani, nami ningependa awepo daktari atakapoeleza ulivyoingia, kisha jioni mrudi pamoja mkalipange upya lile beseni.